Mkondo wa Nungwi katika miezi ya kipupwe

Msafiri anayevuka kutoka Unguja kwenda Pemba mwezi wa Novemba na mwenzake anayevuka mwezi wa Julai hukata tiketi ya chombo kilekile, hupanda katika bandari ileile ya Malindi na huteremka katika gati lilelile la Mkoani, lakini bahari wanayoikuta si moja. Wa Novemba, pepo zinapopokezana zamu, huenda akasinzia kitini mpaka aamshwe na honi ya chombo kinapoingia bandarini. Wa Julai huvuka akiwa macho, amejifunga kikoi juu ya shati na jaketi juu ya kikoi, nguo zake zimerowa kwa mvua kabla hajaingia ndani, na tangu Nungwi mpaka karibu na kisiwa cha Makoongwe mkono wake mmoja haubanduki kwenye chuma au kiti kilicho karibu naye.

Naiandika safari ya Julai kwa sababu ndiyo safari yetu wengi tuliozaliwa Pemba tukaja kuishi Unguja. Karafuu huanza kuchumwa katikati ya mwaka, likizo za shule huangukia hapohapo, na arusi na hitima hazingoji bahari itulie. Naiandika pia kwa sababu nina neno la kusema juu ya siku ambazo vyombo haviondoki, na neno hilo halieleweki vizuri mpaka bahari yenyewe ieleweke kwanza.

Nianze na baridi, kwa kuwa kuna watakaoshangaa kusikia kwamba Zanzibar kuna baridi. Anayetoka Njombe au Lushoto hawezi kuiita baridi hali ya hewa ambayo usiku wake hushuka hadi karibu nyuzi 21, na akiwa nchi kavu, chini ya paa, atakuwa na haki. Baharini hesabu ni nyingine. Kipupwe chetu, kuanzia Juni hadi Agosti, huja na upepo wa kusi ukiwa katika nguvu zake, na upepo huo huvuma bila kukoma juu ya nguo zilizokwisha kurowa. Masika huwa yamekwisha mwezi wa Mei, lakini mvua haziishi nayo. Zipo mvua za mchoo, zile za Julai na Agosti, ambazo hazina radi wala mafuriko, huja kwa manyunyu ya ghafla kutoka upande wa bahari kuu, zikapiga robo saa, zikapita, kisha zikarudi kabla mtu hajakauka. Mtu mwembamba aliyekaa kwenye sitaha ya wazi kwa saa nne katika hali hiyo hutetemeka meno, na nimewaona wazee waliovikwa makanga matatu ya wajukuu zao wakaendelea kutetemeka.

Ndani ya boti ziendazo kasi baridi hiyo huwa kali zaidi, kwa sababu viyoyozi huachwa vikiwaka mwaka mzima kana kwamba nje kuna jua la Januari. Madirisha hayafunguki, abiria wameingia wakiwa wamerowa, na hewa kavu ya baridi huwashukia vichwani mpaka wanapoteremka. Hili ni jambo dogo ambalo lingerekebishwa na mtu mmoja kwa kubonyeza kitufe, nami nalitaja kwa sababu watoto wachanga hupata mafua humo ndani zaidi kuliko wanavyoyapata mvuani.

Wazee waliosafiri kwa matanga waliuheshimu msimu huu kwa namna ambayo sisi tumeisahau. Majahazi yaliyotaka kurudi Arabuni na Bara Hindi yaliondoka kusi ikiwa changa, mwezi wa Aprili na Mei, ama yalingoja hadi Agosti na Septemba upepo uanze kulegea. Katikati ya vipindi hivyo, Juni na Julai, bahari kuu ilichafuka mno na bandari nyingi za pwani ya kusini ya Arabuni hazikuingilika. Manahodha walivipandisha vyombo vyao pwani, wakavipaka sifa, yaani mafuta ya samaki, na shahamu, wakatengeneza matanga na kamba, wakangoja. Kungoja kulikuwa sehemu ya kazi ya ubaharia, na hakuna aliyemwita mwenziwe mwoga kwa sababu hiyo. Mashine za dizeli zimetuondolea ulazima wa kungoja upepo, lakini zile sababu za kungoja zimebaki baharini kama zilivyokuwa.

Sehemu ya kwanza ya safari humdanganya mgeni. Chombo hutoka Malindi, kikaacha Mji Mkongwe nyuma, kikaelekea kaskazini kwa kufuata pwani ya magharibi ya Unguja. Upepo wa kusi hutoka kusini mashariki, kwa hiyo kisiwa kizima, pamoja na minazi yake na miamba yake ya upande wa Matemwe na Kiwengwa, huwa kimesimama kati ya chombo na bahari kuu. Maji hutikisika kidogo tu. Watu hula maandazi, hupigiana simu, watoto hukimbizana kati ya viti. Tumbatu hupita, kisha vinaonekana vijiji vya mwisho vya Nungwi na mnara wa taa unaosimama kwenye ncha ya kisiwa. Mgeni huanza kusema kwamba amesikia habari nyingi za kutisha na haoni kitu.

Safari moja nilikaa pembeni ya mzee aliyekuwa baharia wa mashua za mizigo kati ya Wete na Tanga katika ujana wake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza naelekea wapi na ni mtoto wa nani, na tulipomaliza kuunganisha koo akaanza kunifundisha bila ya kuombwa. Alinionyesha maji ya upande wa kulia wa chombo, ambayo yalikuwa na rangi ya majivu chini ya wingu la mvua. "Mwanangu," alisema, "hapa tumo ndani ya kivuli cha Unguja. Tukishaupita mnara kivuli kinakwisha. Usiyatazame mawimbi madogo yenye povu, hayo ni ya upepo wa leo. Tazama yale mapana yasiyokuwa na povu. Hayo yametoka mbali, na ndiyo yatakayotulaza." Hazikupita dakika kumi chombo kikaanza kulala.

Alichokieleza mzee yule kina maelezo yake katika ardhi iliyo chini ya maji. Unguja imekaa juu ya uwanda mmoja na bara; maji yanayoitenga na Bagamoyo yana kina cha makumi ya mita tu, na katika zama ambazo bahari za dunia zilishuka, mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Pemba haikuwa hivyo. Imetengwa na bara kwa shimo la bahari linalofikia karibu mita 800, na imekuwa kisiwa cha peke yake kwa muda mrefu kiasi kwamba ina popo wake mkubwa, yule tunayemwita popo wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo popote duniani. Kati ya ncha ya Nungwi na kusini mwa Pemba kuna uwazi wa kilomita 50 hivi, ndio tunaouita mkondo wa Nungwi, na katika uwazi huo chini huporomoka hadi mamia ya mita. Hakuna mwamba wa kuyavunja mawimbi yanayotoka Bahari ya Hindi. Yanaingia yakiwa mazima, kama yalivyoanza safari yao.

Kwenye uwazi huohuo unapita mkondo wa maji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima na huongeza kasi wakati wa kusi kwa kuwa upepo unausukuma kutoka nyuma. Juu yake yapo maji ya kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya maji makavu na maji yaliyojaa katika visiwa vyetu hukaribia mita 4, na maji yote hayo lazima yapite mahali fulani. Yanapokwenda kinyume na upepo, mawimbi hubanana, yakasimama wima, na nafasi kati ya wimbi moja na jingine ikawa fupi. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuka Jumatatu akafika salama na kushangaa kwamba Alhamisi, kwa upepo uleule, chombo kilekile kimemtapisha hata baharia.

Kisha kuna jambo la uelekeo. Kutoka Nungwi kwenda Mkoani, chombo hukata kwenda kaskazini mashariki, na mawimbi ya kusi hutoka kusini mashariki, kwa hiyo huja moja kwa moja ubavuni. Hakuna namna mbaya zaidi ya kukutana na wimbi. Likija mbele, chombo hupanda na kushuka. Likija ubavuni, chombo hulala upande mmoja, kikasita, kikarudi na kulala upande wa pili. Nahodha mzuri hafuati mstari ulionyooka. Huelekeza omo, yaani mbele ya chombo, zaidi upande wa mashariki, akayapokea mawimbi kwa bega la chombo, akasonga hivyo kwa muda, kisha akachagua wakati wa kugeuka na kuyapa mgongo. Abiria wanaotazama ramani kwenye simu zao hulalamika kwamba chombo kinazunguka. Mimi nikiuona mzunguko huo hufarijika, kwa sababu najua aliye juu anaisoma bahari na haitazami saa.

Ndani, baada ya Nungwi, mazungumzo hukatika ndani ya muda mfupi sana. Mabaharia vijana hupita kati ya viti wakigawa mifuko ya nailoni, wakitembea kwa miguu iliyotanuka kidogo, bila ya kushika popote. Mama aliyekaa mbele yangu safari iliyopita alitoa ndimu kwenye kibindo chake, akaitoboa kwa ukucha, akamwekea puani binti yake wa miaka sita au saba aliyekuwa amefumba macho kwa nguvu. Kila chombo kilipolala, mama alihesabu kwa sauti ndogo hadi kilipoinuka, na mtoto akajifunza kuhesabu naye, hata mwisho wakawa wanajua wote wawili kwamba hesabu ikifika tano chombo kitarudi. Mfuko wao haukutumika. Wengine wengi roho ziliwachafuka mpaka wakaishiwa na nguvu, na harufu ya matapishi ikichanganyika na ile ya mafuta ya mashine na nguo zilizorowa humwangusha hata yule aliyekuwa mzima.

Anayeweza hutamani kutoka nje, na hapa pana hatari ambayo watu huidharau. Januari 2014, katika msimu wa kaskazi, boti iliyokuwa ikitoka Pemba ilipigwa na wimbi kubwa karibu na Nungwi, na abiria waliokuwa wamekaa nje upande wa mbele wakasombwa. Baadhi yao walipoteza maisha. Chombo chenyewe kilifika bandarini. Tangu siku hiyo, baharia anapoamuru watu waingie ndani huwa naona vibaya sana mtu anapobishana naye.

Lakini siku ambayo kila Mpemba huibeba moyoni anapoukaribia mnara wa Nungwi ni ya usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja usiku wa tarehe 9 ikielekea Pemba, siku chache baada ya Idi, ikiwa imejaa watu waliokuwa wakirudi kutoka sikukuu pamoja na magodoro, mchele, saruji na vyombo vya nyumbani. Ilikuwa na kibali cha kubeba watu wapatao 600. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilieleza baadaye kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Ilizama katika mkondo wa Nungwi kwenye saa saba za usiku. Wapo waliookoka kwa kukumbatia magodoro mpaka walipofikiwa na wavuvi wa Nungwi alfajiri. Miili iliyopatikana ilipita 200, na wasiojulikana walipo walikuwa wengi zaidi ya hao mara nyingi. Meli yenyewe ililala katika kina ambacho wapiga mbizi hawakukifikia.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kipupwe, MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam, kukiwa na upepo mkali na mawimbi makubwa. Chombo hicho kilikuwa kimejengwa mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani, ambako kilihudumu kabla ya kuuzwa. Waziri wa miundombinu na mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu siku chache baadaye. Nautaja msiba huo pamoja na ule wa Nungwi kwa sababu kila mmoja ulitufundisha kitu chake. Wa kwanza ulitokana na mzigo: watu na vitu visivyokuwa na hesabu. Wa pili ulikuwa wa chombo na bahari visivyoendana, siku ambayo ingekuwa bora chombo kile kibaki gatini.

Mengi yamebadilika, na ni haki kuyataja. Mwishoni mwa mwaka 2015 ilipokewa MV Mapinduzi II, meli iliyoundwa Korea Kusini kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi tulipanda meli mpya iliyotengenezwa kwa ajili yetu. Tiketi hukatwa kwa jina la mtu. Majaketi ya kujiokolea yapo, na kwenye vyombo vingi huonyeshwa namna ya kuyavaa. Abiria wenyewe wamebadilika pia: chombo kikianza kuondoka gatini utasikia midomo mingi ikisoma *Bismillahi majraha wa mursaha*, dua ya Nabii Nuhu alipopanda safina, na utamwona huyohuyo anayesoma akigeuza shingo kuangalia jaketi la kujiokolea limewekwa wapi.

Kilichobaki nyuma, kwa maoni yangu, ni namna tunavyoichukulia siku ya kutokuvuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo ambalo watu wa pwani tumekwisha kulihifadhi: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2, katika baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Mtu husikia mita 2, akalinganisha na urefu wake mwenyewe, akaona si kitu. Wanaopima bahari kwa kawaida huchukua wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, na katika bahari hiyohiyo, mara moja moja ndani ya saa chache, hupita wimbi linalokaribia urefu huo mara mbili. Kwenye mkondo wa Nungwi, likija ubavuni, hilo moja ndilo lenye maana.

Nimewahi kuwa miongoni mwa waliorudishwa. Ilikuwa asubuhi ya Julai, tumefika bandarini Mkoani kabla ya jua kuchomoza kwa safari ya kurudi Unguja, mvua inanyesha ya upande, na tangazo likatolewa kwa sauti ambayo walioko nyuma hawakuisikia: hakuna safari leo. Halikutajwa sababu wala kesho itakuwaje. Kulikuwa na mama aliyekuwa akimpeleka mwanawe hospitali ya Mnazi Mmoja, ana karatasi ya rufaa ndani ya mfuko wa nailoni aliouficha chini ya baibui. Kulikuwa na wafanyabiashara wenye mikungu ya ndizi na vikapu vya machungwa, ambao walikwisha kuwalipa mahamali na wangepaswa kuwalipa tena. Kulikuwa na wanafunzi wa vyuo. Watu walianza kupiga kelele, na kijana mmoja akasema kwa ukali ile methali ya zamani, mchelea bahari si msafiri, na wengi wakamuunga mkono.

Sikukubaliana naye na sikubaliani naye leo. Waliotuachia methali ile ndio hao waliopandisha majahazi pwani mwezi wa Juni na kuyashusha mwezi wa Agosti. Waliisema kwa mtu anayekataa safari njema kwa hofu tu, na haikuwa kamwe amri ya kuondoka katika dhoruba. Nahodha aliyekataa kutuvusha asubuhi ile alitutendea jambo kubwa kuliko yeyote aliyetuvusha siku nyingine, na alilitenda huku watu mia kadhaa wakimtukana. Nilimwona kwa mbali amesimama chini ya paa, mikono mfukoni, anatazama upande wa mkondo. Ningependa angejua kwamba wapo waliomshukuru.

Hata hivyo hasira za watu wale hazikuwa za kipumbavu. Walikasirika kwa sababu kukaa kwao kulikuwa na gharama, na gharama yote waliachiwa wao. Mwenye fedha alikwenda kutafuta ndege. Aliyebaki alikaa mvuani au chini ya turubai la muuza chai, akiwa hajui kama arudi Wete au alale hapohapo. Watu wa Mkoani waliwachukua baadhi majumbani mwao, kama ilivyo desturi yao. Nyumba moja iliyo kwenye mteremko wa barabara itokayo bandarini ilipokea wanawake na watoto mpaka ukumbi ukajaa, na mwenye nyumba akachemsha chai ya tangawizi kwa sufuria ya pilau. Mama mwenye karatasi ya rufaa alikuwa miongoni mwao. Alivuka kesho yake jioni, na mwanawe aliwahiwa. Lakini mtoto mgonjwa hakustahili kulala usiku ule akitegemea wema wa mtu asiyemjua.

Hapa ndipo ninapoona kazi iliyobaki, nayo ni ndogo kuliko kununua meli. Tumekwisha kuona kwamba usafiri unaweza kusitishwa kwa utaratibu: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani yetu, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa mapema, watu wakatangaziwa, na hakuna aliyebishana, kwa sababu kila mtu alijua jina la kimbunga na kilipo. Ni busara kwa visiwa ambavyo mwezi wa Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, vilipigwa na kimbunga kilichovunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja, kiasi kwamba kuanzia hapo Pemba, iliyonusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo iliyobeba zao hilo. Siku ya kawaida ya kusi kali haina jina wala haitangazwi redioni kama kimbunga, ilhali inarudi kila mwaka katika miezi ileile, na anayekata tiketi ya Julai angeweza kuandaliwa kwa ajili yake tangu siku ya kuikata.

Ningependa jioni ya kabla ya safari abiria apate ujumbe kwenye simu, kwa kuwa jina na nambari yake viko kwenye tiketi, unaomwambia hali ya mkondo wa Nungwi ilivyo na saa ambayo uamuzi utatolewa. Ningependa kwenye kila gati liwepo ubao unaoandikwa kwa mkono kila asubuhi: upepo, mawimbi, kupwa na kujaa, na saini ya aliyeamua. Mtu akiisoma sababu kwa macho yake hupunguza ukali, na nahodha akiwa na ubao nyuma yake hapigiwi simu na mkubwa mwenye haraka. Wagonjwa wenye rufaa wanahitaji utaratibu wao, uliopangwa kati ya hospitali na bandari kabla ya kipupwe, ili chombo kikizuiwa ijulikane nani anapelekwa kwa ndege na kwa fedha za nani. Na tiketi ya siku iliyoahirishwa iwe halali kwa chombo cha kwanza kinachoondoka, bila ya mtu kupanga foleni upya na wale waliofika asubuhi hiyo.

Kisha banda la kungojea. Liwe na ukuta upande wa kusini mashariki, kwa kuwa mvua ya kipupwe haiangukii juu ya paa, inaingia kwa ubavu. Liwe na benchi za mbao, maana za chuma hunyonya joto la mwili. Liwe na mahali pa kusalia, na choo, na chumba kimoja chenye mlango kwa ajili ya wanaonyonyesha. Fundi wa Mkoani anaweza kulijenga kabla ya Juni.